Ukurasa wa Thelathini na Moja wa Papa Darius

Tarehe 30 Juni 2024 Papa Darius Asukulu, mkuu wa karakana ya hospitali yetu hapa mjini Baraka, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Ofisi ya wafanyakazi inahesabu thelathini na sita, kwa kuwa aliajiriwa Machi 1988, na cheti chake kimeandikwa hivyo. Yeye mwenyewe amekataa. Anasema miaka tisa aliyoishi ukimbizini Tanzania hakukaza hata skrubu moja ya hospitali hii, basi asisifiwe kwa skrubu alizokaza mtu mwingine. Tulibishana naye wiki nzima, tukashindwa. Kwa hiyo cheti kinasema thelathini na sita, jarida hili linasema ishirini na saba, na msomaji atachagua wa kumwamini.

Mimi ninayeandika ni Pulchérie, karani wa hospitali tangu 2009. Nimepewa kazi hii kwa sababu nimepiga chapa maandishi ya Papa Darius kwa miaka kumi na mitano, na wenzangu wanadhani ninamjua. Ninachojua kwa hakika ni kwamba nimegombana naye kuliko mfanyakazi mwingine yeyote wa nyumba hii, na kwamba leo ninaona fahari kuliandika jina lake.

Alizaliwa mwaka 1959 katika kijiji cha wavuvi kusini kidogo ya mji wetu. Baba yake alivua ndagala, mama yake alilima mihogo, na mtoto wao alipenda kufungua vitu. Alisomea ufundi wa chuma Uvira, akafanya kazi miaka michache kwenye injini za boti Kalemie, kisha akaitwa hapa kutengeneza jenereta iliyokuwa imewashinda mafundi wawili. Aliambiwa ni kazi ya siku mbili. Siku ya tatu aliona pampu ya maji inavuja, siku ya nne akaona vitanda vya wodi ya watoto vimelegea, na mpaka leo hajamaliza kuona.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya mnaijua. Jenereta, pampu, taa za chumba cha upasuaji, na majokofu ya chanjo katika vituo vyote vya afya vinavyotutegemea. Kwa ajili ya jokofu moja tu alipanda Minembwe mara kumi na moja, nyingi kati ya hizo kwa miguu pale pikipiki iliposhindwa, na huko wafugaji walimnywesha maziwa mpaka akarudi na kitambi ambacho Mama Aline, mke wake, alikitakia maelezo. Mwaka mmoja wa kipindupindu alikaa kwenye pampu siku sita, akila hapo hapo, na maji hayakukatika. Hayo yako kwenye faili lake, na yangetosha kumfanyia sherehe.

Lakini mtu tunayemuaga si yule wa kwenye faili tu. Kila Jumamosi mchana, kazi za hospitali zikiisha, Papa Darius alifunga nusu ya mlango wa karakana na kuanza kazi zake mwenyewe. Hakuna aliyemwagiza. Alichukua mabaki, yaani rimu za baiskeli, bomba za vitanda vilivyovunjika, vipande vya mabati, bidon za maji zilizotoboka, akatengeneza kitu alichoona kinakosekana. Lile benchi la kliniki ya wajawazito, ambalo haliinuki upande mmoja mama wa mwisho anaposimama, ni lake. Hata chanja cha ndagala ambacho paka hawawezi kukipanda ni chake, na nusu ya Baraka wamekiiga bila kujua kilikotoka. Ametengeneza vitu hamsini na nane kwa jumla. Kila kimoja kina ukurasa wake katika kaye, yale madaftari ya shule yaliyojaa kabati lake. Kwa miaka kumi na moja kimoja hakikuwa nao, na nitakifikia.

Kwanza niwaeleze kwa nini aliandika, maana si watu wote wanaoijua habari hii. Mwaka 1994 alitengeneza jiko kwa pipa la mafuta, lililochemsha vyombo vya upasuaji kwa nusu ya kuni. Vita vilipokuja mwaka 1996 alilifungua vipande kumi na tisa, akavificha juu ya dari ya ghala, kisha akavuka ziwa kwenda Tanzania pamoja na familia. Aliporudi mwaka 2005 alipanda darini kabla hata ya kusalimia watu vizuri. Vipande vyote kumi na tisa vilikuwepo. Alikaa navyo wiki tatu na hakuweza kuviunganisha. Kazi ilikuwa ya mikono yake mwenyewe, na ilimkatalia mbele ya wafanyakazi wenzake waliokuja kutazama na kutoa ushauri usio na faida. Mwishowe aliviacha, akaenda sokoni kununua kaye ya kurasa mia moja.

Tangu siku hiyo alikuwa na sharti moja, nalo lilituchosha sote. Kitu kilichotengenezwa lakini hakijaandikwa, kwake hakijaisha. Hakuruhusu kipakwe rangi, hakuruhusu kipewe namba, na hakupokea asante. Mtu akimsifu alikuwa anajibu vilevile siku zote: "Inatumika, lakini haiyaisha." Suzanne, mkunga wetu mkuu, alisubiri kigari cha mitungi ya oksijeni wiki tatu huku akikiona kizima kabisa chini ya turubai, magurudumu yanazunguka, breki inashika, na mwenyewe anasema bado anaandika. Asubuhi moja Suzanne alikiiba. Papa Darius alipogundua hakwenda kushitaki. Alichukua kaye yake, akaketi kwenye varanda ya maternité, wodi ya wazazi, kutwa nzima, akiuliza kigari kinafanya nini kwenye kizingiti na kinalia upande gani kikigeuzwa. Kilikuwa kinalia kushoto. Jioni ukurasa ulikwisha, kilio cha kushoto kilikwisha pia, akakubali kupigiwa makofi.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kumwelewa. Nilikuwa nadhani anaandika ili akumbukwe, na nilimwona mtu wa majivuno ya chini chini. Kumbe kuandika kulikuwa ni chombo chake cha mwisho, baada ya nyundo na msumeno. Kila ukurasa ulijibu maswali matano, yaleyale siku zote: kwa nini nilianza, nilifanya nini, nini kilinishinda, nani alikuwepo, na atakayekuja aanzie wapi. Akifika kwenye swali la tatu mara nyingi alikuwa anaweka kalamu chini na kurudi kwenye meza ya kazi, kwa sababu alipojaribu kueleza kwa nini amefanya jambo fulani alikuta hana sababu. Swali la nne wengi tulilicheka. Tulilidhani la adabu tu. Katika kurasa zake utasoma kwamba alikuwepo fulani aliyeshika taa, na Suzanne aliyekuwa anacheka.

Aliandika kwa Kiswahili. Mkurugenzi mmoja wa zamani alimwambia kwamba maandishi ya kiufundi yawe kwa Kifaransa, na Papa Darius akampa ripoti zote za hospitali kwa Kifaransa safi, zenye mihuri. Kaye akaiacha ilivyo. Alisema mkono utakaokuja kurekebisha kitu kule kituo cha Lulimba saa sita mchana, jua kali, muuguzi yuko peke yake, hauna nafasi ya kutafuta kamusi. Nami nilipopiga chapa kurasa hizo alisimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha sizipambi. Niliwahi kuandika kwamba kitu fulani "kilifanya kazi barabara." Akayafuta. Kilifanya kazi siku nane, akasema, andika siku nane.

Ukweli huo hakuuacha hata ulipomwumbua. Mashine yake ya kutwanga sombe, yaani majani ya mihogo, kwa pedali za baiskeli ilitwanga vizuri, kwa haraka, bila jasho. Mama Aline alionja mara moja, akasukuma sahani. "Sombe ya mashini haiko na ladha ya muntu," alisema, na akarudi kwenye kinu chake. Ukurasa wa kumi na sita, kwenye swali la nini kilinishinda, una maneno mawili tu: mke wangu.

Faida ya kurasa hizo tuliiona mbali na hapa. Élie, muuguzi wa Lulimba, aliwahi kupata jokofu lililozimika likiwa na chanjo za wilaya nzima ndani, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alikuwa na nakala ya ukurasa wa ishirini na mbili, unaoeleza kasha la baridi ambalo Papa Darius alilibuni kwa mbao na maganda ya mpunga. Alilijenga kwa siku moja na chanjo hazikuharibika. Wiki mbili baadaye karatasi yake ilitufikia kwa mkono wa dereva wa pikipiki: "Papa, ukurasa yako ilisema ukweli, lakini boulon ni ya kumi na tatu, haiko ya kumi na mbili." Sijawahi kumwona Papa Darius akifurahi vile. Barua za sifa alizitia kwenye droo bila kuzisoma mara ya pili. Karatasi ya Élie aliibandika kwenye kaye, akasahihisha namba ya boulon, yaani bolti, kwa wino mwekundu, na akamwongeza Élie kwenye orodha ya waliokuwepo.

Sasa nifike pale ninapopaswa kufika. Yafuatayo yameandikwa kwa ruhusa ya Solange wa Lubondja, kijiji cha milimani, ambaye aliyasikiliza yote niliyoandika na kunisahihisha mahali pawili.

Kila aliyekulia milimani kwetu anajua jinsi mgonjwa anavyoshushwa. Mtu akizidiwa, sauti inapita nyumba hadi nyumba, na wanaume wanaacha majembe. Wanne wanabeba machela, wengine wanafuata nyuma wakingoja zamu, na wanawake wanakuja na sufuria na nguo. Wanaweza kuwa kumi na wawili, wanaweza kuwa ishirini. Asiyetokea ataulizwa, na jibu lake lazima liwe zuri. Papa Darius aliona jambo hilo kwa jicho la fundi. Alihesabu mashamba yanayolala siku nzima kwa ajili ya mgonjwa mmoja, akaona ni nguvu nyingi inayopotea. Mwaka 2013 akatengeneza machela ya chuma yenye gurudumu moja kubwa katikati, ambayo watu wawili tu wangeweza kuisukuma mpaka barabarani pa kukutana na gari. Ilikuwa nzuri, jamani. Sote tulipanda juu yake kwa zamu uani, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Ilikuwa kazi yake ya thelathini na moja, nayo ndiyo pekee aliyoiruhusu kuondoka bila ukurasa. Lubondja walikuwa wanaingoja, wakubwa walitaka picha, kwaya ilikuwa imeshafika. Alitaka juma moja la kuandika. Mimi mwenyewe nilimwambia, na maneno hayo ninayaweka hapa ili nami nihesabiwe: "Papa, kaye itangoja, bagonjwa habangoje." Akakubali. Machela ikapanda Lubondja mwezi wa nne.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa kali, Solange alishikwa na uchungu wa uzazi na mambo hayakwenda sawa. Mume wake na shemeji yake walimlaza kwenye machela na kuondoka naye wakiwa wawili, kama ilivyokusudiwa. Kwenye kijito kilichoko chini ya kijiji gurudumu lilizama kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Chuma kilikuwa kizito, njia ilikuwa inateleza, na wawili hawakuweza kuiinua ikiwa na mtu juu yake. Mmoja akabaki kumshika, mwingine akapanda tena mlima kuita watu. Zilipita saa tatu. Solange alifika kwetu akiwa hai, na Suzanne alipigana mpaka akamwokoa. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Machela ililetwa, Papa Darius akaitundika ukutani nyuma ya karakana. Katika kaye aliandika namba 31 juu ya ukurasa, na chini yake hakuandika kitu. Wiki iliyofuata alianza ya thelathini na mbili. Ukimuuliza, alisema gurudumu lilikuwa jembamba mno, au beringi ilikuwa mbaya, kisha anabadilisha mazungumzo. Hakuna kati yetu aliyemsukuma. Tulimpenda, na tuliona kumpenda ni kunyamaza.

Mwezi Januari mwaka huu ilifika barua ya kamati ya afya ya Lubondja. Walisikia kwamba fundi anastaafu na walitaka machela kabla hajaondoka, kwa sababu machela zao za miti zimechakaa. Barua hiyo ilimfikia Tania Uwamwiza, msaidizi wake wa miaka sita, mzaliwa wa Minembwe, ambaye ndiye anayerithi karakana. Tania alifungua kaye kutafuta mfano, akafika ukurasa wa thelathini na moja, akaukuta mweupe. Tania si mtu wa maneno mengi. Saa ya chai, mbele yetu sote, alimwambia kwa heshima huku akitazama kikombe chake: "Papa, mi sitaweza kupokea atelie yenye iko na ukurasa moja mutupu. Remise-reprise siitasaini."

Tuliokuwepo tuliacha kutafuna. Kukabidhiana kazi bila sahihi ya anayepokea hakuna, na binti huyo alikuwa anamwambia mzee wa karakana kwamba hataondoka. Papa Darius akaomba sukari. Siku ya pili alikuwa mlangoni kwangu na karatasi.

Rasimu ya kwanza ilihusu beringi. Nilipiga chapa, akaisoma, akaichana. Rasimu ya pili ilihusu upana wa gurudumu, na ya tatu ilihusu kiungo kilichochomelewa, pamoja na mchoro mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Zilifika sita. Zote zilijibu maswali matatu ya kwanza na kukwama kwenye la nne. Nani alikuwepo? Yeye hakuwepo. Kwa vitu vingine hamsini na saba alikuwepo, aliona, aliuliza. Hiki hakuwahi kumuuliza mtu yeyote, maana aliogopa jibu. Aliniambia hivyo mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha wageni, na nilimwona mzee kwa mara ya kwanza.

Mwezi wa nne alipanda Lubondja. Ana miaka sitini na mitano na goti moja bovu, na sehemu ya mwisho aliitembea kwa miguu. Alimkuta Solange shambani kwake, akajitambulisha, akaomba msamaha kabla ya kuketi. Solange alimpa kiti, akampa maji, akamwambia aandike. Maneno yake yako kwenye ukurasa kama alivyoyasema: "Papa, chuma haina makosa. Batu ndio balikuwa kidogo. Zamani mugonjwa alikuwa anabebwa na kijiji muzima. Siku ile balikuja babili, juu machela yako ilikuwa inatosha na babili."

Miaka kumi na moja fundi wetu bora alikuwa anatafuta kosa ndani ya gurudumu. Gurudumu lingezama au lisizame, wanaume kumi na wawili wangeinua mgonjwa, machela na gurudumu lake, na kuvuka kijito wakiimba. Chini ya swali la tatu Papa Darius ameandika hivi: "Nilitengeneza machela ya watu wawili. Kwa hiyo watu wawili walikuja." Na chini ya swali la nne yako majina manne, kwa sababu Solange alisisitiza yawe manne. Alikuwepo yeye, mume wake, shemeji yake, na Divine, jina alilokuwa amemchagulia mtoto. Nilipoyapiga chapa majina hayo nilisimama mara mbili. Ukurasa wa thelathini na moja una pande nne, na katika kaye yote hakuna mrefu kuliko huo.

Nilimwuliza kama yote hayo ya huzuni ni lazima yabaki, maana kaye husomwa na wanafunzi wa ufundi. Alinitazama kwa mshangao. Bila hayo, alisema, atakayekuja ataanza tena na gurudumu.

Swali la tano alilijibu kwa kuchora machela mpya, lakini hakuitengeneza yeye. Hilo Tania alilishikilia pia. Alisema kama ukurasa umeisha kweli, basi yeye na maseremala wa Lubondja wataijenga kule kule kwa kuusoma tu, na Papa Darius atabaki Baraka na goti lake. Mzee wetu alizunguka hospitali wiki mbili akikaza vitu visivyolegea. Machela ya sasa ni ya miti na kitanda cha kusuka, kwa namna wanavyosuka ngobyi, machela yao ya kubebea wagonjwa, kule Minembwe, jambo ambalo Tania aliliongeza na likaandikwa kwa jina lake. Ni nyepesi kuliko ile ya chuma kwa nusu. Ina mishikio minane, na imekusudiwa hivyo: miti yake ni mirefu mno kwa watu wawili na hata wanne watahangaika nayo kwenye kona. Ukurasa ulisomwa kwa sauti mbele ya watu wa Lubondja baada ya ibada, pande zote nne, pamoja na jina la Divine. Wanaume wa pale walikubaliana tena juu ya zamu, kwa maana zamu nazo zilikuwa zimelegea.

Tarehe 11 Juni simu iliita ofisini kwangu. Alikuwa muuguzi wa Lubondja, akitoa taarifa kwamba mama mmoja mwenye mapacha ameshushwa kwa machela mpya, kijito kilikuwa kimejaa, wamevuka, na gari limewapokea. Mapacha walizaliwa mikononi mwa Suzanne jioni hiyo hiyo, wote wawili wazima. Muuguzi alikuwa na orodha ya waliobeba, kwa sababu ukurasa unaagiza iandikwe. Papa Darius alikuwa amesimama mlangoni, nikaanza kumsomea. Majina kumi na matatu yalikuwa ya wanaume. Jina la kumi na nne lilikuwa Solange. Hakufuata nyuma na sufuria, alishika mshikio wa mbele kushoto, na kwenye kijito alikataa kupokelewa zamu.

Aliomba nisome tena polepole. Nikasoma. Kisha akasema anakwenda kuangalia pampu, ambayo haikuwa na ubaya wowote, na alikaa huko mpaka saa za kazi zikaisha. Kesho yake Tania alisaini remise-reprise katika nakala tatu.

Papa Darius, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru kwa maji ambayo hayakukatika, kwa taa, kwa mabenchi yasiyotuangusha, na kwa ugomvi wako juu ya kila neno nililotaka kulipamba. Hapa pia sijapamba, na ukikuta mahali nimezidisha, kalamu nyekundu unayo. Mimi na wenzangu tunaona fahari kwamba tumefanya kazi na mtu aliyeweza kupanda mlima kwenda kuuliza alikokosea. Mungu akupe siku nyingi, goti lipone, Mama Aline akupikie sombe ya kinu, na Jumamosi zako ziwe ndefu. Na ikitokea siku moja, Mungu apishie mbali, ukahitaji kubebwa, Papa, hatutakuja wawili.